Meza imerudi Keko baada ya miaka 18: karakana ya marehemu Fundi, sahivi iko kwa binti yake

Wadau salaam. Hii karakana ya Keko nimeulizwa sana tangu nilipoweka picha ya dawati la binti yangu, na kila nikianza kuandika najikuta namuandika marehemu badala ya kuandika kazi, sasa nimeamua niandike vyote humohumo maana kiukweli havitenganishiki. Kwa mwenye haraka: ukitaka meza, kitanda, kabati au mlango wa mbao ya kweli nenda, ukitaka sofa usiende, na kama shughuli yako iko wiki ijayo pia usiende. Wengine kaeni niwasimulie.

Keko kwa fanicha haihitaji kutambulishwa, kila mtu wa Dar amewahi kupita pale akaona vitanda vimesimamishwa kando ya barabara vinang'aa vanishi na vijana wanakuita mama karibu, dada karibu, sita kwa sita hii hapa. Hii ninayoisema haiko barabarani. Unaingia ndani ndani, kichochoro ambacho gari haipiti, unampita mama wa chapati, unampita fundi wa kuchomelea mageti, halafu unaanza kusikia randa. Bango hamna. Waulize vijana wa mikokoteni "kwa marehemu Fundi" watakufikisha mpaka mlangoni. Jina lake siliweki hapa, sikuiomba familia ruhusa, na hata mimi mwenyewe miaka yote hiyo nilimwita Fundi tu, au baba, na kwenye simu yangu mpaka leo yuko kama "Fundi Keko".

Nilimfahamu Oktoba 2005. Nilikuwa ndo nimeanza kazi serikalini, ndoa changa, tumepanga Tabata, tunakulia mkekani na sikuwa na shida na mkeka ila wakwe walikuwa wanakuja mwaka mpya nikataka meza. Barabarani niliambiwa siku kumi. Kwa Fundi nafika namkuta kwenye benchi lake anatia tupa meno ya msumeno, shikamoo baba, marahaba mwanangu, nikamwambia nataka meza ya watu sita. Akaniuliza nyumbani mko wangapi, nikasema wawili. Akauliza na sikukuu mnakuwa wangapi, nikahesabu, kama kumi na mbili hivi. Akasema basi wewe unataka meza ya watu wanane yenye viti sita, watu wa sikukuu watakaa popote almuradi mkono ufike kwenye sinia. Mimi nilikuwa nimeenda na saizi nimeandika kwenye karatasi, hakuiangalia hata, alitaka kujua mlango wa nyumba una upana gani na sakafu ni saruji au vigae na nani atakuwa anaifuta.

Palikuwa na mbao za mninga zimepangwa pale chini, nzuri kwa macho, nikasema si utumie hizi. Akachukua kipande akakigonga kwa kifundo cha kidole, akanipa na mimi nigonge. Halafu akapanda akashusha kipande kingine kutoka kwenye kenchi juu ya vichwa vyetu, nacho nikakigonga. Cha kwanza kililia bubu, cha pili kililia kama mtu anabisha hodi. Akaniambia hizi za chini zimetoka Tabora juzi bado zina maji, zikienda kwako sasa zitamalizia kukauka zikiwa meza, na mbao ikikauka ikiwa meza inakwenda inakotaka yenyewe. Hesabu yake ilikuwa hii, mbao ya unene wa inchi moja ikae kivulini upepo unapita si chini ya mwaka, ya inchi mbili miaka miwili, na alikuwa haangalii kalenda tu, anagonga kwanza. Za juu zilikuwa zinatosha miguu na viti, za ubao wa juu zilikuwa zimebakiza miezi. Nikasubiri. Wakwe walikuja wakala mkekani na mimi nilinuna kwelikweli, kuna siku nilimpigia simu nikamwambia baba umeniaibisha. Akanijibu taratibu, mwanangu bora uaibike wiki moja.

Meza ikaja katikati ya Januari 2006. Meza na viti sita, laki nne na themanini, kipindi hicho ilikuwa hela.

Sasa kidogo kuhusu mninga maana wengi mnauziwa kitu kingine. Mninga ni mti unaoota taratibu sana, ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu, na mbao yake ya moyoni ni kahawia yenye wekundu wekundu ila pembeni karibu na gome ina utando mweupe wa kinjano. Ule weupe ndo wanaoupenda dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mbao. Fundi alikuwa anaukata wote, hata kama ni upana wa kidole, na anaubeba kama kuni ya nyumbani, wakati wengine wanaupaka rangi ukafanana na mbao nyingine na wewe mnunuzi hujui mpaka siku unaona unga mweupe sakafuni chini ya kitanda. Mafundi wanaupenda mninga kwasababu ukishakauka umetulia, haupindi hovyo, na unakubali randa vizuri. Ndo maana bei iko juu na ndo maana uchakachuaji ni mwingi, mbao ya kawaida inapigwa rangi inaitwa mninga. Alinifundisha nisiangalie mbele, nichomoe droo niangalie nyuma na chini, pale ambapo rangi haikufika, nikwaruze kidogo kwa ufunguo ninuse. Mpaka leo nikienda dukani nachomoa droo kwanza.

Na neno lenyewe msasa, alinieleza siku hiyohiyo akiwa anasugua kiti, kwamba huu ni mti, uko kwao Muheza, majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka, na baba yake ambaye naye alikuwa seremala alikuwa analainishia vinu na miiko kwa majani hayo kabla karatasi ya dukani haijafika, karatasi ikaja ikachukua jina la mti. Nilikuwa na miaka karibu thelathini nasema piga msasa, piga msasa, sijui kama ni mti.

Haya, Dodoma. Mnakumbuka serikali ilivyohamia, sisi wizara yetu tulikwenda 2017, na meza ikapanda lori. Sasa Dodoma sio Dar. Dar hewa imejaa maji mwaka mzima, Dodoma kuanzia Mei mpaka Novemba mvua hamna, hewa kavu midomo inapasuka, na samani zinapasuka vilevile. Jirani yangu tuliyehama naye alikuwa na meza nzuri sana, imenunuliwa kwa hela nyingi kuliko yangu, kiangazi cha kwanza tu ikapasuka katikati kutoka mwanzo mpaka mwisho kwa mlio, wanasimulia walidhani kuna mtu amevunja kioo. Yangu haikufanya kitu. Nilimpigia Fundi kumwambia asante, nikamuuliza ulifanyaje na hukujua kama nitahamia Dodoma. Akaniambia inama uangalie chini. Nikainama na tochi ya simu. Ubao wa juu haujapigwa skrubu kwenye fremu, umeshikwa na vijibao vidogo vyenye ulimi, kila kimoja kimeingia kwenye mfereji ulioachiwa nafasi ya kutembea. Mbao urefu wake karibu haubadiliki, kinachobadilika ni upana, mvua ikija inatanuka kiangazi inasinyaa, na ukiibana kwa skrubu pande zote mbili isisogee haina pa kwenda zaidi ya kupasuka. Alisema mbao haijui kama imekufa, inaendelea kunywa na kupumua, wewe fundi kazi yako kuiachia nafasi. Meza ile ikienda ikirudi hivyo kila msimu, mimi nakula juu yake sijui kitu.

Siku ile ya tochi ya simu niliona maandishi ya penseli chini kule, nikadhani ni vipimo. Sikuyasoma.

2024 nimerudishwa Dar. Kwenye lori la kurudi mguu mmoja wa meza ukachanika, walifunga kamba vibaya. Nikapiga "Fundi Keko". Ikapokea sauti ya mwanamke, nikasema naomba niongee na Fundi, akanyamaza kidogo, akasema shikamoo mama, Fundi ametangulia mbele za haki, Ramadhani ya mwaka juzi, mimi ni binti yake, ulikuwa na shida gani. Nilishindwa kutaja mguu wa meza. Nilimwambia nitakuja mwenyewe. Jamani nilikaa na ile simu mkononi. Mtu aliyenitengenezea meza, vitanda viwili, mlango wa mbele, mtu aliyekuwa ananiuliza hali ya kila mtoto kwa mpangilio bila kukosea, amekufa nikiwa Dodoma na sikuzika, sikuhani, sikujua.

Nikaenda Jumamosi na meza kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na rambirambi kwenye bahasha. Nilikuwa nakwenda kuhani nikiwa nimechelewa miaka miwili na nimebeba kazi mkononi, nikawa najisikia vibaya, ila binti alinipokea kama ndugu, akaniletea kile kiti cha kamba alichokuwa anakalia baba yake, tukaomba dua, tukalia kidogo, halafu akasimama akajifunga leso kichwani akasema mama tuione meza.

Vijana wawili wakaipindua juu ya blanketi. Akapiga magoti akaanza kukagua mguu uliochanika, akapitisha kidole kwenye maungio, kisha mkono ukasimama. Akaomba tochi. Chini ya ubao pale pembeni, mwandiko mkubwa wa penseli ya seremala, umefifia ila unasomeka: ADA F2. VIATU. BATI 3. Na chini yake 1/06.

Akakaa chini kwenye vumbi la mbao. Akasema, hii ada ni yangu, ya kidato cha pili.

Ndo akanieleza. Fundi alisoma mpaka darasa la nne, daftari la hesabu hakuwa nalo, lakini kila kitu alichotengeneza, kabla hakijaondoka alikuwa anakipindua na kuandika kile ambacho hela ya kazi ile ilikwenda kufanya. Sio bei, sio jina la mteja. Sare. Dawa ya mdogo wao. Nauli ya Muheza, msiba. Mchele Idi. Watoto walikuwa wanamuona anaandika wakajua ni vipimo kama nilivyojua mimi, mpaka binti alipoanza kufanya naye kazi akamuuliza. Akamwambia, siku mteja akirudi analalamika nitapindua kitu chake nitasoma nilikula nini kwake, na nikishakumbuka nilichokula kwake siwezi kumdhulumu. Yaani ile ilikuwa garantii yake. Nyumba za watu Dar nzima, Mbagala, Sinza, Kigamboni, kuna makabati yana ada za watoto wa mtu chini yake na wenye makabati hawajui. Kabla hujaendelea kusoma, kama una kitu kutoka kwake nenda kakipindue.

Mguu aliutengeneza, alichonga ulimi mpya akapandikiza kipande cha mninga kilekile cha zamani, walikuwa nacho kenchini, ukiangalia huoni panapoanzia. Alinitoza elfu thelathini na tano. Nilitaka kumpa zaidi akakataa, na akanieleza waziwazi, mama kama ingekuwa kiungo kimeachia nisingechukua hata mia, hiyo ingekuwa ni kazi ya baba imefeli na ni juu yetu, ila hili ni lori. Na kweli viungo vingine vyote alivijaribu kimoja kimoja mbele yangu, ndimi hazijasogea miaka 18, hamna msumari hata mmoja kwenye ile fremu.

Nimuelezee mzee kidogo kama baba, maana sikumjua hivyo zamani, mimi nilijua tu anafunga saa kumi na mbili jioni kamili hata kama umetoka mbali na niliwahi kumkasirikia kwa hilo. Kumbe mke wake alifariki wakiwa na watoto wanne, wa mwisho hajaanza shule. Ndugu walitaka wawagawane watoto, huyu aende Korogwe, huyu aende kwa shangazi, akakataa, akasema sikuwagawa mama yao akiwepo sitawagawa hayupo. Akatengeneza meza ndefu nyembamba ukutani kwenye karakana, bado ipo nimeiona, ina viti vinne vya urefu tofauti kwasababu kila mtoto alichongewa cha kwake, wakitoka shule wanakuja pale wanafanya homuweki huku yeye anapiga randa upande wa pili na anawasikiliza wakisoma kwa sauti. Alikuwa hajui Kiingereza lakini akisikia mtoto amesita anasema rudia hapo. Jumamosi sare zinafuliwa palepale zinaanikwa nyuma mbali na vumbi. Likizo nywele za mabinti zikiota alikuwa anawasuka mwenyewe, anajua mtindo mmoja tu, twende kilioni, mabinti wakawa wanaona aibu mtaani, basi akaenda kwa mama jirani akakaa chini kama mwanafunzi akafundishwa mabutu, mwanaume na mikono ile ya kushika nyundo. Binti anasimulia hili anacheka machozi yanatoka. Anasema vidole vyake vilikuwa vinakwaruza shingo, na sahivi msasa ukimgusa mkononi ile hisia inamrudia.

Vikao vya wazazi hakukosa. Anafunga karakana saa nne asubuhi, anakwenda na maranda kwenye nywele, anakaa mbele. Na kipindi kile kabla ya elimu bila ada ya 2016 mnajua ilivyokuwa, ada ya sekondari ya serikali ya kutwa ilikuwa shilingi elfu ishirini tu kwa mwaka lakini juu yake michango, mlinzi, masomo ya ziada, sare, madaftari, mara watoto watatu kwa pamoja, ndo hayo tunayoyasoma chini ya makabati. Wote wanne wamesoma. Mmoja nesi, mmoja mwalimu, mdogo yuko chuo, na huyu.

Huyu alisema kidato cha nne kinaisha kwamba anataka mbao. Mzee hakumkatalia kwa kuwa ni mtoto wa kike, alimkatalia kuanza pale. Akamwambia nenda VETA kwanza, chuo cha ufundi, Chang'ombe hapo ni kutembea tu kwa miguu, upate cheti chako, mimi nikikufundisha peke yangu watasema fundi wa kurithi. Akaenda, akarudi na cheti, na mzee akampa ubao mmoja wa mkongo na ile randa yake ya Stanley namba 5 akamwambia unyooshe. Mkongo ni mgumu jamani. Wiki nzima ubao uleule, anaupiga randa, mzee anaweka rula juu anaangalia mwanga unapita wapi, anasema bado. Ubao ukawa mwembamba kama rula yenyewe ndo akasema sasa. Na wateja wakija, wanaume, wanamuuliza binti fundi yuko wapi, mzee alikuwa hasimami wala haitikii, ananyoosha kidole kwa binti anaendelea na kazi yake. Miaka mingi alifanya hivyo. Alipokufa hakuna mteja aliyeuliza nani anaendelea.

Kuna jambo moja dogo nalipenda sana. 2016 kwenye ile kampeni ya madawati nchi nzima walipata oda ya madawati sitini ya shule ya msingi. Binti akamuona mzee hapindui dawati hata moja. Akamuuliza baba haya huandiki? Akajibu hayo watoto watayaandika wenyewe.

Sasa tuje kwenye nilichonunua, ndo mrejesho wenyewe. Nikaona nisiondoke mikono mitupu, binti yangu alikuwa kidato cha tatu anasomea kitandani, nikaagiza dawati la kusomea. Nikashangaa maswali ni yaleyale ya baba yake. Anakaa muda gani. Taa iko upande gani. Anatumia mkono gani, nikasema wa kushoto, akasema basi droo tunaziweka kulia ili kiwiko kisigonge, na mimi kwa miaka kumi na tano ya kumlea yule mtoto sikuwahi kufikiria kiwiko chake. Akamwambia aje apimwe. Akaja akapimwa kama kwa fundi cherehani, magoti, kiwiko, mgongo, na kiti kikachongwa kwa urefu wake na nafasi ya kumuinua baadaye.

Mninga hakunishauri. Alisema upo ila wa kuaminika na wenye vibali vya TFS, wale wakala wa misitu wa serikali, ni ghali na kwa dawati sio lazima, akanionyesha mtiki, wengine mnauita msaji, wa kupandwa, wa Longuza. Longuza iko Muheza kwao kulekule na akanionyesha mbao akaniambia mama hii imeota karibu na alipozikwa baba. Mtiki una mafuta yake ya asili, dumuzi na mchwa hawaupendi, rangi ya asali inazidi kukolea na miaka. Nikasema sawa.

Kugonga kwa kidole anagonga bado, lakini ana na kifaa cha kupimia unyevu, anachomeka vijisindano viwili namba inatokea, na sheria yake kwa kitu cha ndani isizidi asilimia 14 na akijua kinakwenda bara kavu kama Dodoma au Singida anashuka zaidi. Kabadilisha na mengine. Zamani pale vumbi lilikuwa linakaa hewani kama ukungu na mzee alikuwa anakohoa muda wote, sahivi kila kijana ana barakoa, kupiga vanishi kunafanyika nje, na kuna mashine ya kunyonya vumbi kwenye msumeno wa umeme. Vijana wakivua barakoa anazima umeme, nimeshuhudia.

Bei ilikuwa laki nne na ishirini dawati na kiti. Sio rahisi. Barabarani palepale Keko utapata kwa nusu yake, na la MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandishwa, dukani kwa chini ya hapo, ila la MDF nililonunua Dodoma lilimwagikiwa maji mara moja likavimba kama mkate, nikalitupa. Hili droo zake unazivuta kwa kidole kimoja na ukiisukuma moja ndani nyingine inatoka kidogo kwa hewa, maana yake zimekaa sawasawa bila mwanya. Kingo zote zimelainishwa hata zile za chini usizozishika. Nyuma, upande wa ukutani, pamepigwa msasa sawasawa na mbele.

Mapungufu niyaseme. Aliniambia wiki tano zikawa saba. Alikuwa ananipigia kila Ijumaa kuniambia mbao iko asilimia ngapi na sikuweza kukasirika lakini kama una tarehe ya harusi mwambie mapema na uongeze mwezi. Mvua ikinyesha kile kichochoro ni tope tupu, na kirikuu inabaki barabarani, mzigo unabebwa kichwani, hao wabebaji unawalipa wewe. Picha za kazi za kuchagua hana, ukimwomba mtindo wa mtandaoni atautazama na anaweza kukuambia huu utavunjika hapa, kuna watu hawapendi kuambiwa hivyo. Na sofa, kama nilivyosema, hapana. 2010 nilitengenezewa sofa pale, mbao zake mpaka leo ni nzima kabisa ila sponji ililala ndani ya mwaka na vitambaa vilishonwa na mtu wa nje vikafumuka. Binti mwenyewe sahivi hazipokei, anakuambia ukweli kwamba hawazijui. Malipo ni fedha taslimu au lipa namba, advansi nusu.

Nyota nampa nne na nusu, hiyo nusu ni ya wiki mbili na tope.

Dawati lilipofika nyumbani nilisubiri wabebaji waondoke, nikamwambia binti yangu shika huku, tukalipindua. Mwandiko ni tofauti, mdogo na umenyooka, wa mtu aliyesoma, lakini penseli ni ileile nene ya seremala. BAISKELI. 9/24. Mwanae wa kiume alikuwa darasa la pili, nilimuona pale kwenye ile meza ndefu ya ukutani amekaa kwenye kiti cha tatu, kile cha mama yake, miguu haijafika chini.

Wako wazi Jumatatu mpaka Jumamosi, Ijumaa wanafunga mchana kwa swala wanarudi. Namba yake nitampa mtu kwa ujumbe akiniomba maana aliniruhusu. Ila piga kabla ya saa kumi na mbili jioni, baada ya hapo hapokei, anakuwa anakagua madaftari.